KUH: Kabureta mbili za Datsun 1600 SSS zilizolipiwa kusawazishwa na hazikusawazishwa

Kwa Meneja wa Karakana,
Nakuru.

Bwana Meneja,

Mliponikabidhi Datsun yangu baada ya ovahoo ya injini, risiti yenu ilikuwa na mstari uliosema "kutuni na kusawazisha kabureta mbili", nami nikaulipia wote. Kazi hiyo, yaani kuzifanya kabureta zote mbili ziipe injini hewa na petroli kwa kiasi kimoja, haikufanywa.

Kwa kazi ya chuma sina neno. Silinda zimechongwa vizuri, pistoni na ringi ni mpya, injini hailambi oili. Ndiyo maana naumia kuona kazi nzuri kiasi hicho inaharibiwa na ya mwisho iliyofanywa kwa haraka.

Gari likisimama huku injini inanguruma, linatetemeka na kutoa moshi mweusi. Nikikanyaga mafuta ghafla linasita kwanza. Likipanda kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit linaishiwa nguvu, na joto linapanda. Nilifungua plagi: ya 1 na ya 2, zinazolishwa na kabureta ya mbele, zimejaa masizi makavu, ya 3 na ya 4 ni nyeupe kabisa. Nusu ya injini inazama kwa petroli, nusu ina njaa.

Nilipowarudia, fundi wenu alinijibu kuwa ni mwinuko wa Nakuru. Kweli mji wetu uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi huuzidisha mchanganyiko petroli. Lakini kabureta zote mbili zinavuta hewa ile ile. Mwinuko ungezigusa zote mbili. Hauwezi kuzishibisha silinda mbili na kuzinyima mbili zilizo kando yake. Jibu hilo silikubali, na nadhani hata aliyelitoa hakuliamini.

Nimempa fundi mwingine azifungue nikiwa nimesimama hapo. Sindano za ndani, zile zinazopima petroli inayopita, zina alama tofauti, yaani kila moja imechongwa kwa kipimo chake, kwa hiyo haziwezi kupitisha petroli sawasawa hata mkaze na kulegeza nati mpaka kesho. Dampa ya kabureta ya nyuma, ile inayoizuia pistoni ya kabureta isiruke, haikuwa na oili hata tone. Bila oili pistoni ya kabureta huruka juu upesi mno, hewa inaitangulia petroli, ndipo gari linaposita. Na skurubu za fito inayounganisha kabureta hizo bado zimefunikwa na rangi mliyopuliza nyinyi wenyewe, haijapasuka popote. Hizo ndizo za kwanza kulegezwa! Bila kuzilegeza, kila kabureta haiwezi kusimama peke yake ikapimwa.

Kazi yenyewe inajulikana. Vali na taimingi ya cheche ziwe sawa kwanza, injini ipate moto, kisha skurubu za hewa zizungushwe mpaka kabureta zote mbili zivute kiasi kimoja, kwa kipimo au kwa mpira mwembamba unaotegwa sikioni kusikiliza mvumo. Hapo ndipo unapokuja kwenye nati iliyo chini ya jeti, kitundu kinachotoa petroli. Unainua pistoni ya kabureta kidogo tu, kama milimita 1: injini ikiongeza kasi na kubaki juu, petroli imezidi, ikitaka kuzimika, imepungua, ikipanda kidogo ikatulia, imekaa. Kisha hewa inapimwa tena, maana ukigusa hiki na kile kinasogea, na mwisho fito inakazwa ili vipepeo vyote viwili, vile vibamba vinavyofungua njia ya hewa, vifunguke kwa pamoja.

Mkanishauri nizitupe zote mbili nifunge moja ya gari jingine. Hapana. Kabureta mbili ndizo zinazoifanya SSS kuwa SSS, na gari la namna hii ndilo Edgar Herrmann alilolitumia kushinda mbio za magari za Safari Rally za mwaka 1970, kwenye barabara zetu na mwinuko huu huu mnaoulaumu.

Hili si suala la moshi tu. Silinda inayokosa petroli huwaka kwa joto kali, na joto hilo hutoboa pistoni na kuunguza vali. Pistoni hizo ni zile mlizozifunga nyinyi, kwa pesa zangu.

Nataka mfunge sindano mbili za alama moja, zinazofaa injini hii, na kazi irudiwe mbele yangu tangu mwanzo. Kisha twende pamoja hadi Salgaa na kurudi, tufungue plagi zote nne, tuziangalie rangi. Ikiwa hamna fundi anayezijua kabureta hizi, niambieni wazi, mnirudishie pesa za mstari ule nimpe anayezijua, hilo sitalichukia. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata, nitapeleka madai yangu kwenye mahakama ya madai madogo hapa Nakuru.

Nimeambatisha nakala ya risiti, picha za plagi nne, na picha ya skurubu zenye rangi.

Wenu,
Mteja, mwenye Datsun 1600 SSS