Jamani msiipeleke MG kwenye mizani ya skrepa

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni wiki nzima. Kuna msomaji mwenzetu aliandika humu kwamba magari ya zamani ya Kiingereza yaliyobaki kwenye mabanda ya watu hapa Dodoma yapimwe kilo yauzwe skrepa tu, eti hayatengenezeki na mafundi wake wameshakwisha. Kwa heshima zote ndugu yangu, hapo nakataa. Mimi ninayo MGB ya mwaka 1966, aina mojawapo ya hizi MG za Kiingereza, gari ya milango miwili ya kukunja turubai, aliinunua marehemu mzee wangu kwa daktari mmoja Mwingereza aliyekuwa anarudi kwao, na hivi ninavyoandika inatembea, juzi tu nimeenda nayo Kongwa nikarudi bila kufungua boneti.

Hizi gari zilitengenezwa Abingdon kule Uingereza kuanzia 1962 mpaka 1980, zilitoka zaidi ya laki tano, injini cc 1798, kabureta mbili za kampuni ya SU, ndo zinazochanganya hewa na petroli, kompyuta hamna, sensa hamna, kila kitu unakiona kwa macho na unakishika kwa mkono. Alafu mtu anasema haitengenezeki! Shida inaanza pale tunapoishika kama Toyota.

Nitoe mfano wangu mwenyewe. Miaka ya nyuma niliipeleka kwa fundi umeme mmoja, kijana mchapakazi kabisa, jina lake nalihifadhi. Betri zilikuwa zimechoka, na MG ya umri huu ina betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, yeye akazitoa akaweka moja ya volti 12, sawa hiyo haina neno, ila akafunga upande wa hasi kwenye bodi kama alivyozoea maisha yake yote. Sasa MGB za kabla ya mabadiliko ya mwaka 1967 ni kinyume, chanya ndo inakaa kwenye bodi. Gari ikawaka vizuri tu, tukapeana mikono, haikupita muda tukaanza kuona moshi. Kumbe dainamo, ile mashine inayochaji betri, ilikuwa bado na sumaku ya upande wa zamani, ikawa inasukuma umeme kinyume na betri, kile kiboksi cha kudhibiti chaji pointi zake zikaungua zikashikana, na saa ya kuonyesha mizunguko ya injini ikafa moja kwa moja. Yule kijana alikaa chini akashika kichwa. Sikumgombeza, ningemgombeza kwa lipi wakati hakuna mtu aliyewahi kumwambia? Chuoni alikosoma hakuwahi kuona dainamo, alifundishwa oltaneta tu, ile inayochaji betri kwenye magari ya sasa.

Baada ya hapo gari ikalala banda karibu mwaka, na hata nilipoirudishia umeme ilikuwa inazingua, ukikanyaga mafuta inakwama kwanza kama mtu anayekohoa ndo inaondoka, na plagi zinatoka nyeusi tii. Kila gereji niliyopita wananiambia tajiri toa hiyo injini tukufungie ya Toyota. Nusura nikubali.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Chang'ombe, fundi wa zamani ambaye anasema alifundishwa kazi na watu waliokuwa kwenye mashine za ule mpango wa Waingereza wa kulima karanga Kongwa, ulioanza 1947 ukavunjwa 1951, karanga zilishindikana ila ufundi ulibaki kwa watu. Alikuja na mfuko wa rambo tu. Akafungua kifuniko cha juu cha kabureta, akachungulia, akaniita, "Mwanangu njoo uone, humu kunatakiwa oili na hamna hata tone." Kumbe kile kikohozi chote ni hicho! Pistoni ya kabureta inaruka juu haraka kwa sababu hakuna oili ya kuizuia, hewa inakuwa nyingi kuliko petroli. Akajaza oili nyepesi kidogo tu.

Alafu akaomba kipande cha mpira wa petroli urefu kama wa mkono, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta ya mbele, akasikiliza ule mluzi wa hewa, akahamia ya nyuma, akagusa skrubu kidogo, akarudi ya mbele, anaenda na kurudi kafumba macho mpaka zote mbili zikawa zinapiga mluzi mmoja. Kisha akanionyesha kapini kadogo pembeni ya kabureta, unakasukuma juu pistoni inanyanyuka chini ya milimita moja, injini ikipandisha mzunguko ikabaki hukohuko juu ujue petroli imezidi, ikitaka kuzima imepungua, ikipanda kidogo tu ikarudi basi hapo ndo penyewe. Yangu ilikuwa inabaki juu. Akasema Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar kwa hiyo petroli inatakiwa ipungue, akapandisha nati ya chini ya kabureta inayopunguza petroli, kidogo kidogo, anapima tena, anapandisha, mpaka ikakubali. Kazi yote haikufika masaa mawili, na hakununua hata spea moja.

Mengine ni ya kujua tu. Bolti zake ni za inchi, ya nusu inchi ni milimita 12.7, sasa ukiilazimisha na spana ya 13 unakula kichwa cha nati alafu unasema chuma kibovu. Kingpini, zile pini ambazo magurudumu ya mbele yanazungukia ukikata kona, zinataka grisi kila baada ya kilomita kama 5,000. Ukishusha silinda hedi weka siti ngumu za valvu za ekzosi, maana petroli ya sasa haina ile madini ya risasi iliyokuwa inazilinda. Na bodi, hii gari haina chasisi, bati la chini ya milango ndo linabeba uzito, likiliwa na kutu gari imeisha, ndo maana za pwani zilikufa mapema na chumvi ya bahari, ila huku kwetu kukavu bati linadumu. Kwa hiyo kama kuna mkoa wa kutupa hizi gari basi sio Dodoma! Spea nazo zipo, hata bodi zima jipya Uingereza walianza kulitengeneza tena 1988, bei inauma kweli ila unanunua kidogo kidogo.

Ombi langu ni kwa walimu wa vyuo vya ufundi hapa Dodoma. Yule mzee macho yameshaanza kumsumbua ila sikio bado liko vizuri sana, nimeongea naye na amekubali kufundisha, hataki pesa, anataka nauli na chai. Gari natoa yangu, vijana waifungue na kuifunga hata mara kumi. Na wewe ndugu uliyeandika ile barua, kama una MG au Triumph bandani, kabla hujaita watu wa mizani niruhusu nije na huyu mzee Jumamosi moja tuiangalie kwanza, namba yangu mhariri anayo.

Mpenzi wa magari ya zamani,
Nkuhungu, Dodoma