Tundu la mwaloni lisipuuzwe

Mhariri,

Kila inapojadiliwa To Kill a Mockingbird, riwaya ya Harper Lee ya mwaka 1960, mazungumzo hukimbilia mahakamani, kwa Tom Robinson, Mmarekani mweusi anayeshtakiwa kwa uongo kumbaka mwanamke mzungu, na wakili wake Atticus Finch, ilhali kwa maoni yangu kiini chake kimo katika tundu la mwaloni ulio ukingoni mwa kiwanja cha jirani. Humo Jem na dada yake Scout, watoto wa Atticus, huokota chingamu, senti za zamani, saa ya mfukoni isiyofanya kazi na vinyago viwili vya sabuni vilivyochongwa kwa sura zao wenyewe, ishara kwamba Boo Radley, jirani huyo asiyetoka nyumbani wanayemwogopa kama zimwi, amekuwa akiwatazama kwa upendo. Nathan, kaka yake Boo, analiziba tundu hilo kwa saruji akidai mti unaumwa, ingawa Atticus anauona mzima kabisa, na jioni ile Jem analia. Hapo, muda mrefu kabla ya hukumu, ndipo utoto wake unapoanza kumtoka, kwa kuwa ametambua kwamba mtu mzima anaweza kudanganya, tena bila haya, ili kumtenga ndugu yake na majirani. Walimu wa fasihi wangeanzia hapo.

Msomaji wenu,
Morogoro