Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: malaria ikionekana, tusiache kutafuta

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Uganda.

Mheshimiwa, salamu kutoka Tororo. Nafanya kazi ya maabara katika kituo cha afya cha daraja la tatu, na wengi wanaokuja kwetu na homa ni watu wa ng'ombe: wachungaji, wachinjaji, madalali wa mnadani, akina mama wauza maziwa. Ninachoomba ni kwamba mtu wa namna hiyo asirudishwe nyumbani na Coartem, dawa mseto ya malaria, peke yake kwa sababu tu kipimo cha malaria kimetoa mistari miwili.

Kipimo cha haraka tunachokitegemea hunasa protini ya vimelea, na protini hiyo huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Tena katika nchi yenye malaria nyingi kama yetu, mtu mzima anaweza kutembea na vimelea vichache na asiumwe. Mistari miwili inatuambia malaria ipo, au ilikuwepo juzi. Haituambii kama ndiyo iliyomlaza mtu leo, wala haituambii kama imeandamana na ugonjwa mwingine.

Mwaka 2017 serikali iliteua magonjwa saba yatokayo kwa wanyama ili yapewe kipaumbele, yakiwemo kimeta, bruselosi, malale, tauni na homa za virusi zinazovujisha damu. Orodha ni nzuri. Ila mwilini mwa mgonjwa magonjwa hayaji kwa zamu.

Niseme kwanza juu ya malale, ugonjwa wa usingizi uenezwao na mbung'o, maana hapa ndipo kwake. Uganda ndiyo nchi yenye aina zote mbili. Ile ya kaskazini-magharibi, mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba tumeidhibiti hadi si tatizo tena la afya ya jamii, na hongera kwa waliofanya kazi hiyo. Ya huku mashariki ni nyingine: hifadhi yake kubwa ni ng'ombe, na huua kwa wiki au miezi michache. Mwaka 1998 ilizuka Soroti, ambako haikuwepo, ikiwa imesafiri na ng'ombe walionunuliwa mnadani. Hakuna kipimo cha haraka cha aina hii. Lazima uione kwa hadubini. Zamani tulipotafuta malaria kwenye slaidi, vijidudu vya malale tulivikuta humo humo, vikichezacheza katikati ya chembe za damu. Siku hizi kipimo cha haraka kimetupunguzia kazi, hadubini zimefunikwa kitambaa, na mtu mwenye malaria na malale kwa pamoja anatibiwa ya kwanza huku ya pili ikipanda kichwani.

Bruselosi ina mkanganyo wake. Wafugaji wanaijua kwa ng'ombe wanaotupa mimba. Kwa binadamu ni homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo kuuma, kukonda. Soma dalili hizo tena, Mheshimiwa, uniambie kama hukufikiria kifua kikuu. Na maziwa mabichi yanaweza kubeba vyote viwili, bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe. Sasa tiba ya bruselosi ni doksisaiklini kwa wiki sita, na mara nyingi huongezwa rifampisini, ambayo ni nguzo ya tiba ya kifua kikuu. Mwenye kifua kikuu kilichojificha akipewa rifampisini wiki sita bila dawa nyingine za kifua kikuu, tumewafundisha vijidudu wake kuishinda dawa tunayoihitaji zaidi. Kama anatumia dawa za VVU zenye dolutegraviri, rifampisini huipunguza nguvu, na dozi ya dolutegraviri inapaswa kuongezwa maradufu. Hata dawa mseto ya malaria aliyopewa asubuhi ile ile inadhoofishwa. Nani anayakagua haya mgonjwa anaponunua vidonge dukani kwa kumwonyesha muuzaji kikaratasi?

Na vikaratasi vipo tele. Nisieleweke kwamba nataka kila mwenye homa aandikiwe magonjwa matatu. Hiyo tayari ni biashara. Kuna kliniki ambako kila mtu hutoka na malaria, taifodi na burusera (ndiyo bruselosi), zote tatu, pamoja na bili yake. Kipimo cha bruselosi kinachotumika sana, kile cha kuchanganya tone kwenye kadi, kinaweza kuitikia kingamwili za vijidudu vingine, au za ugonjwa uliokwisha zamani. Kwa hiyo tunakosea pande mbili: wenye magonjwa mawili wanatibiwa moja, na wenye moja wanatibiwa matatu.

Kupe nao. Homa ya Krimea na Kongo, mojawapo ya zile homa za virusi zinazovujisha damu, huenezwa nao, na imejitokeza hapa nchini mara kadhaa tangu 2013. Ng'ombe aliyeambukizwa haonyeshi chochote, na huku watu huwatoa kupe kwa vidole na kuwaponda kwa kucha. Mgonjwa wa hiyo akiwa pia na malaria, muuguzi atakayemchoma sindano mikono mitupu ndiye wa kumlilia baadaye.

Fedha najua hazitoshi, lakini mengi ninayoomba hayahitaji jengo. Anayempokea mgonjwa wa homa amuulize kazi yake: amechinja, amezalisha ng'ombe, amekunywa maziwa mabichi, ametoa kupe? Akijibu ndiyo, slaidi isomwe kwa hadubini hata kama kipimo cha haraka kimeitikia, na arudi siku ya tatu kama homa haijashuka. Asianzishiwe rifampisini kabla ya kuchunguzwa kifua kikuu na kuulizwa dawa za VVU. Pikipiki zinazobeba sampuli za VVU na za kifua kikuu tayari zinapita kwetu; damu ya bruselosi ya kuthibitishwa nayo ipande humo, na ile ya kushukiwa virusi ifungwe inavyopaswa na kufika kwenye maabara ya virusi ya Entebbe bila kusubiri mgonjwa aanze kuvuja damu.

Jambo la mwisho linahitaji mazungumzo yako na mwenzako wa Kilimo, Mifugo na Uvuvi. Daktari wa mifugo wa gombolola yetu husikia ng'ombe wa fulani wametupa mimba wiki nyingi kabla mimi sijamwona mwenye ng'ombe hao dirishani kwangu. Hakuna utaratibu wa yeye kunijulisha. Tunapeana habari tukikutana kwenye chai.

Wako mtiifu,
Mtaalamu wa maabara, Tororo