Mkisema 'Wakenya', ni Wakenya gani?

Mhariri,

Siku hizi haipiti wiki bila magazeti kutuambia kwamba 'Wakenya wamewaka' kuhusu jambo fulani. Ukisoma hadi chini, unakuta ushahidi wenyewe ni hashtegi iliyovuma kwenye mtandao wa X (zamani Twitter) tangu asubuhi. Wapo pia watafiti wanaozoa jumbe hizo kwa maelfu, wakazitia kwenye kompyuta, kisha wakatoa asilimia ya walioridhika na walionuna. Sipingi kazi hiyo. Ninachouliza ni nani aliyehesabiwa.

Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa asilimia 22.6 tu ya Wakenya wenye umri wa miaka 3 na zaidi ndio waliokuwa wakitumia intaneti, na wanawake walikuwa nyuma ya wanaume. Wameongezeka tangu hapo, sawa, lakini si kila mwenye bando yuko X, na wengi walioko huko husoma tu na kupita.

Tusidanganywe na wingi wa jumbe. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani liliendesha kura ya maoni kuhusu uchaguzi wa rais, likapokea majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri kuwa Alf Landon angembwaga Rais Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Jarida lilikuwa limeokota majina mengi kwenye orodha za wenye simu na magari, wakati ambapo maskini hakuwa na kimojawapo.

Halafu kuna lugha. Mtu akiandika 'Asante Rais, tumeshiba kweli' na emoji tatu za kicheko, kila Mkenya anajua huyo ana hasira. Programu iliyofunzwa kwa Kiingereza huenda ikamtia kwenye kapu la walioridhika. Sheng ndiyo hata sijaigusa.

Na pesa je? Juni 2024 hasira dhidi ya Mswada wa Fedha ilitoka mtandaoni ikaingia barabarani, hadi Rais akakataa kuutia saini. Hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini mwaka 2021 uchunguzi wa wakfu wa Mozilla ulifichua watu waliokuwa wakilipwa kuvumisha hashtegi za kupigia debe BBI, ule mpango wa kubadili Katiba, na kuwachafua majaji. Kwa anayehesabu jumbe tu, hizo mbili hazina tofauti.

Kwa hivyo mkichapisha takwimu za mitandao, tajeni ni mtandao upi, siku zipi, maneno gani yalitafutwa, akaunti bandia zilichujwaje, na akaunti zilikuwa ngapi (si jumbe ngapi, maana kuna mtu huandika mara hamsini kabla ya chakula cha mchana). Afrobarometer, watafiti wa maoni ya umma ambao huwahoji watu ana kwa ana, hutaja idadi ya waliohojiwa na kiwango cha makosa. Mkikosa hayo, andikeni 'watumiaji wa X', na hilo la 'Wakenya' mliache.

Msomaji,
Kitale