Hiace ya kulala haianzi na godoro

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wa Kigamboni aliyeandika katika ukurasa huu kwamba kugeuza Hiace ya mzigo iwe gari la kulala ni kazi ya godoro, mapazia na fundi seremala, basi. Nilisoma huku nacheka, lakini nilipofika pale alipotaja jiko la mkaa kicheko kikakatika.

Mimi ni mama wa vitenge, naishi Tabata Kimanga. Nazungukia magulio ya upande wa Korogwe na Mombo, na gari langu ndiyo stoo, ndiyo gesti. Sikulitengeneza kwa ajili ya utalii. Nilichoka kulipia chumba shilingi 20,000 halafu usiku kucha masikio yako nje, kwenye gari lenye mzigo. Kazi yote ilifanyikia uani kwangu, chini ya mwembe, mafundi wakiitwa mmoja mmoja nami nikiwasimamia mpaka wakanichoka.

Godoro, nakubali, halina ugumu. Hiace ya kawaida haifiki mita 1.7 kwa upana, tena huo ni upana wa nje, kwa hiyo mtu mzima anayetaka kunyoosha miguu atalala kwa urefu wa gari, hakuna mjadala. Seremala wa Keko alitaka kunichongea kitanda cha mninga. Ni kizuri, nani asiyekipenda? Lakini mninga ni mzito, na springi za gari zitaubeba uzito huo kila siku, hata siku ambazo silali humo. Tukatumia paina na plaiwudi, tukafunga kwa bolti na nati. Misumari nilikataa, maana kwa matuta ya Barabara ya Morogoro ingeanza kuchomoka kabla sijafika Chalinze.

Kinachosumbua hapa kwetu ni joto. Video nyingi za mtandaoni ni za Ulaya na Marekani, wenzetu kule wanahangaika na baridi mpaka wanafunga hita ya dizeli. Hapa Dar mwezi wa pili, saa saba mchana, dari la gari lililoegeshwa juani hulishiki kwa kiganja. Nikamwita fundi bodi wa Gerezani atoboe tundu la feni. Akakata mraba wake vizuri kwa msumeno wa umeme, na papo hapo akashika silikoni abandike. Nikamwambia ngoja kwanza. Kingo za bati lililokatwa zilikuwa zinang'aa, hazina rangi hata chembe, na kwa hewa hii ya chumvi ya baharini kutu haisubiri mwaliko. Tukazipiga tupa, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, tukaziacha zikauke mpaka kesho yake, ndipo feni ikakaa. Tena feni peke yake haitoshi. Lazima hewa iwe na pa kuingilia kule chini, kwenye dirisha lenye wavu wa mbu, la sivyo feni inaunguruma tu na jasho linaendelea.

Sasa umeme. Hapa ndipo tulipobishana. Fundi wangu ni mzuri, nyumba nyingi za mtaa wetu amezifunga yeye. Akaja na rola ya waya wa 2.5, ule wa soketi za ukutani. Mimi nilitaka inveta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ya kuendeshea pasi ya wati 1,000, kwa sababu kitenge kilichokunjamana hakuna mteja wa Mombo atakayekigusa. Nikamuuliza, pasi hiyo nyumbani inavuta ampea ngapi? Akasema nne na kitu, kwa volti 230. Na kwenye betri ya volti 12? Akatoa simu akapiga hesabu. Akairudia. Zaidi ya 80.

Akanyamaza, akaanza kuviringa waya wake. Ule wa 2.5 ungechemka nyuma ya plaiwudi, mahali ambapo hakuna anayeona, na mimi nimelala juu yake. Kati ya betri na inveta tukaweka waya mnene wa aina ile ya kwenda kwenye stata, mfupi kadiri ilivyowezekana, na fyuzi jirani kabisa na ncha chanya ya betri. Wengi huiweka upande wa inveta. Ikikaa huko, kipande chote cha waya kutoka kwenye betri kinabaki bila ulinzi, na siku kikichubuka na kugusa bodi hakuna cha kukata umeme. Betri yenyewe isiwe ile ya kuwashia injini, au alfajiri utazunguka kutafuta vijana wa kusukuma. Ya kwangu ni lithiamu ya ampea-saa 100, ambayo ni kama wati-saa 1,280. Pasi ikikaa saa nzima imekula sehemu kubwa, kwa hiyo napiga asubuhi dakika chache, na paneli ya sola ya juu inarudisha mchana.

Mtungi wangu wa gesi wa kilo 6 unakaa kwenye kabati lililotobolewa sakafuni, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini. Na bima mkaijulishe mapema kwamba gari limebadilishwa. Msingoje ajali.

Nirudi kwa mkaa. Ndugu yangu wa Kigamboni anasema likizo ya mwezi wa sita anawapandisha watoto Lushoto, na baridi ikizidi ataingiza jiko ndani lipashe joto. Naomba asifanye hivyo hata kwa dakika kumi. Mkaa unaowaka kwenye gari lililofungwa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hashtuki wala hakohoi. Jiko lililofunikwa na majivu, linaloonekana limezima, bado linaitoa. Gari ni dogo kuliko chumba chochote cha gesti, na watoto watakuwa wamefunga vioo kwa sababu ya hiyo hiyo baridi.

Pika nje, mlango wa nyuma ukiuinua unakukinga hata na manyunyu. Mkaa uliobaki umwagie maji, jiko lilale nje. Kama fundi wa feni hajapatikana kabla ya likizo, acha vioo viwili wazi kidogo, weka wavu, na watoto walale na masweta.

Mama wa Vitenge,
Tabata Kimanga, Dar es Salaam