Uongozi wa kiroho shuleni sio sala ya kwenye maiki

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye safu yako ya barua. Kuna msomaji mwenzangu aliandika hapa kwamba sekondari zimeharibika sababu wakuu wa shule wa siku hizi hawana hofu ya Mungu, eti tukipata viongozi wa kiroho basi kila kitu kitanyooka, nidhamu, ufaulu, hadi vyoo. Sasa mi nimefundisha hisabati miaka 22, nimefanya kazi chini ya wakuu sita, wengine wacha Mungu kwelikweli na wengine wa kawaida tu, na nilipomaliza kusoma ile barua nilicheka kwanza afu nikakasirika, manake anachokitaka ni kitu kizuri sana ila anakitafuta pasipo.

Nianze na mkuu wangu wa pili. Huyo alikuwa mtu wa sala. Asubuhi mstarini anaomba kwenye maiki dakika kumi nzima, watoto wamesimama juani, na karibu kila wiki lazima mmoja adondoke abebwe. Kikao cha walimu anafungua kwa sala na kufunga kwa sala. Ilituchukua muda kugundua kwamba ile ajenda ya mwisho, mengineyo, tulikuwa hatuifikii hata siku moja. Mtu akinyoosha mkono kuuliza habari ya hela ya kusimamia mitihani, hela ambayo tulishasaini na hatukuiona, mkuu anaangalia saa, anasema haya walimu wangu muda umetutupa mkono, tusimame tuombe. Na wote tunasimama! Utabishana vipi na mtu aliyefumba macho? Mimi mwenyewe nimewahi kuitikia amina mkono ukiwa bado juu, nimeshika na kikaratasi nilichoandikia swali langu.

Kwa vipimo vya msomaji mwenzangu yule bwana alikuwa kiongozi wa kiroho daraja la kwanza. Sisi tuliokuwa chini yake tulimuona anamtumia Mungu kama mlango wa uani, mambo yakichacha anatokea huko.

Na hili neno lenyewe watu wanalichanganya. Wakisikia uongozi wa kiroho wanawaza madhabahu, msikiti, kanzu. Kwenye taaluma ya uongozi aliyelitengenezea nadharia inayotajwa sana ni Louis Fry, mwalimu wa chuo huko Texas, Marekani, mwaka 2003, na moja ya sehemu za mwanzo ambako yeye na wenzake waliipima hiyo nadharia sio kanisani wala shule ya seminari, ni kikosi cha helikopta za kivita cha jeshi lao, ripoti ikatoka 2005. Anachosema, nikikifupisha kwa lugha ya ofisi ya walimu, ni kwamba kiongozi awe na maono ambayo watu wanayaelewa, awe na tumaini kwamba yatafikiwa hata mambo yakiwa mabaya, na awe na upendo wa kuwajali watu bila kudai malipo. Hapo ndipo wanaoongozwa wanaanza kuiona kazi yao kama wito, na wanajiona kwamba wao ni wa hapo, wanajulikana, wakikosekana mtu anauliza. Dini ipo, na kwa wengi wetu ndio kisima chenyewe tunachochotea, sikatai, mimi mwenyewe nasali. Ila mwenye kiu hashibi kwa kuoneshwa kisima. Halafu Kiswahili chetu nacho kilishatuonya zamani, roho hiyohiyo iliyotupa kiroho ndio imetupa uroho, kiambishi tu kimebadilika.

Sasa mkuu wangu wa nne. Mama mmoja mfupi, sauti ya chini, hata akishika maiki watoto wa nyuma hawasikii. Sikumbuki kumsikia akinukuu aya. Ila kikao chake cha kwanza alikuja na karatasi ya ajenda, akaisoma, akasema walimu naomba tuanze na mengineyo. Tukatazamana. Hakuna aliyesema kitu, tulishazoea, na yeye akakaa kimya pale mbele, kalamu mkononi, dakika moja, mbili, tatu, mpaka mwalimu wa biolojia akashindwa kuvumilia akauliza kwanini maabara inafungwa saa nane. Kikao kile kiliisha jioni. Nilirudi nyumbani nimechoka ila nimechoka vizuri, sijui kama nitaeleweka.

Huyo mama alikuwa na kaunta buku moja lenye gamba jekundu lililoanza kuchanika, humo ameandika jina la kila mtoto aliyekosa shule siku mbili mfululizo, na mbele yake sababu, kwa mkono wake. Sio mwalimu wa darasa, yeye. Mwenzetu mmoja alipofiwa na mtoto, mama aliingia darasani kufundisha vipindi vyake wiki tatu, tunamuona anatoka na vumbi la chaki kwenye sketi anakimbilia kikao cha bodi. Na mwaka ule kidato cha nne walipofeli hisabati, somo langu, nikajua leo ndio leo, nitaanikwa mstarini mbele ya watoto. Akasimama akasema kosa ni langu, nilimhamisha mwalimu katikati ya mwaka nikiwa sijamuuliza. Ilikuwa kweli, alinihamisha. Lakini nani alikuwa anamdai akiri? Hakuna. Mwaka uliofuata nilifundisha mpaka jumamosi bila kuambiwa, na sio mimi peke yangu.

Mtu atasema mbona shule kubwa za zamani ziliinuliwa na watu wa dini. Ni kweli, na mfano unaopendwa ni Thomas Arnold wa shule ya Rugby kule Uingereza, mkuu kuanzia 1828 mpaka alipofariki 1842, kasisi kabisa na mhubiri wa kanisa la shule yake. Mahubiri yake ndio wanayosifia. Wanachosahau kusimulia ni kwamba aliwahi kumchapa vibaya mtoto aliyedhani anamdanganya, baadaye ikabainika mtoto alisema kweli tupu, na Arnold akaomba radhi hadharani mbele ya shule. Nasema hivyo sio kumsafisha, mtoto alishaumia na radhi haifuti bakora. Ila mkuu anayeweza kuwaambia watoto nimekosea, huyo nipe hata kama hajui kuomba dakika kumi.

Jingine ambalo msomaji mwenzangu hakuligusa ni huyu mkuu mwenyewe, roho yake nani anaiangalia? Tunamtaka awe na upendo, tumaini, maono, afu tunamwachia watoto mia kadhaa, walimu wenye madeni, wazazi wenye hasira, ripoti za ofisi za juu zinazotakiwa jana, na kila tatizo likitokea yeye ndio wa kwanza kupigiwa simu na wa mwisho kuambiwa asante. Mwanasaikolojia Christina Maslach, ambaye yeye na mwenzake Susan Jackson walitoa kipimo cha uchovu wa kazi mwaka 1981, alionesha kwamba uchovu huo sio kuishiwa nguvu tu, kuna na ile hali ya mtu kuanza kuwaona anaowahudumia kama vitu. Nendeni mkasikilize mkuu aliyechoka anavyoongea. Hasemi wanafunzi wangu tena, anasema hawa. Hawa wamerudi? Hawa wamekula? Mkimsikia anaongea hivyo msikimbilie kusema hana Mungu, inawezekana kabisa ana Mungu na amekauka, vyote viwili kwa pamoja.

Nimelijua hili kwa kuchelewa. Miaka miwili iliyopita nilikutana na yule mkuu wangu wa pili kwenye msiba, ameshastaafu, amepungua mwili, tukakaa bench moja nje. Tukaongea habari za marehemu, za magoti yake, afu ghafla akaniuliza, mwalimu, siku ile ulikuwa unataka kuuliza nini? Nikashtuka. Kumbe mkono wangu aliuona. Nikamwambia ni ile hela ya kusimamia mitihani. Akanyamaza sana, akasema hela ile alilipia deni la chakula cha mabweni, mwenye kuleta chakula alishasema kesho haleti, na yeye hakujua atatuambiaje, hakuwa na mtu wa kumuuliza, juu yake hapaulizwi na chini yake angeonekana mwizi. Akawa anaomba. Yaani zile sala nilizokuwa nazichukia zingine alikuwa anaomba kwelikweli, anaomba tusiulize.

Sijamsamehe lote, niseme ukweli, watoto walikuwa wanadondoka juani na hilo halina deni la chakula. Lakini nimeacha kumuita mnafiki.

Kwa hiyo kama kuna wahusika wanasoma hapa, hizo semina za wakuu wa shule zilizojaa mambo ya fomu na bajeti zitengeni hata nusu siku mkuu mpya akae na mkuu mzoefu, mlango umefungwa, aseme kinachomnyima usingizi bila kuandikiwa ripoti. Na mkitaka kujua kama mkuu fulani ni kiongozi wa kiroho msimuulize yeye wala msiniulize mimi, muulizeni mlinzi wa getini na mtoto wa mwisho darasani kama mkuu analijua jina lake.

Na yule mzee wangu, angetuambia tu habari ya lile deni. Walimu tungenung'unika robo saa tukamaliza, watoto si walikuwa wetu sote. Tungekubali hata bila sala. Au na sala, sawa tu, ila iwe baada ya mengineyo.

Ni mimi,
Mwalimu wa hisabati