Kabla Hujanunua Pontiac GTO ya 1966, Soma Namba Zake

Wengi hununua GTO kwa masikio. Muuzaji anapiga stata, eksozi inanguruma, na mnunuzi ameshatoa arubuni. Sisi tunaokagua magari haya kwa niaba ya wanunuzi tunaomba kitu kimoja: injini ibaki imezimwa mpaka namba zisomwe.

Mvuto wa GTO na udhaifu wake sokoni vina chanzo kimoja. General Motors, kampuni mama ya Pontiac, ilikuwa imeweka kikomo: gari la ukubwa wa kati lisifungwe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Kwa toleo la 1964, timu ya uhandisi ya Pontiac chini ya John DeLorean ilipenya kwa ujanja. Walichukua Tempest LeMans, gari la kawaida la familia, wakalifunga injini ya 389, karibu lita 6.4, kutoka kwenye magari yao makubwa. Kisha wakaiuza GTO kama nyongeza anayoiagiza mteja, si kama modeli mpya. Kwa hiyo mtu alipata bodi ya kupeleka watoto shule yenye injini ya kuvutia trela. Ile ya 1966 yenye kabureta moja ya midomo minne ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 335, na nguvu ya kuzungusha ya karibu Nm 584 kwenye mizunguko 3,200 tu kwa dakika. Huhitaji kuikamua. Ukigusa pedali katika gia ya tatu, gari linaondoka.

Lakini gari lililoanza kama LeMans ni rahisi kulighushi kutokana na LeMans. Magari ya 1964 na 1965 hayana GTO ndani ya namba ya chesisi. Hayo yanahitaji nakala ya ankara ya kiwandani, ambayo Pontiac Historic Services hutoa kwa malipo. Kuanzia 1966 GTO ikawa modeli kamili, na ndiyo maana mteja mgeni tunamshauri aanzie mwaka huo. Fungua mlango wa dereva, utafute kibati kwenye nguzo ya mbele. Namba lazima ianze na 242. Tarakimu mbili zinazofuata ni aina ya bodi: 07 ni kupe (gari la milango miwili) yenye nguzo katikati ya vioo, 17 haina nguzo hiyo, 67 ni ya paa la kukunja. Ikianza na 237, hiyo ni LeMans, hata ikipambwa vipi. Kagua na ribiti zinazoshikilia kibati: zikiwa mpya au zimekwaruzwa, acha kwanza.

Kwenye injini, jicho halitoshi. V8 za Pontiac, kuanzia 326 hadi 455, kwa nje zinafanana ukubwa, na rangi ya kopo inamaliza kazi. Soma herufi mbili zilizogongwa mbele ya bloku, upande wa abiria, chini ya silinda hedi. WT ni 389 ya gia za mkono yenye kabureta moja. WS ni ya gia za mkono yenye kabureta tatu. Za otomatiki kwa kawaida huanza na Y. Nyuma, karibu na distributa, kuna tarehe ya kumiminwa kwa bloku: C126 ni tarehe 12 Machi 1966. Bloku iliyomiminwa baada ya gari kuundwa haikuzaliwa nalo. Muuzaji akikuambia namba ya chesisi ya gari la 1966 imegongwa kwenye bloku, hajui anachouza, kwa sababu Pontiac walianza kufanya hivyo 1968.

Ubovu wa ndani tunaoukuta mara nyingi ni wa gia ya kemshafti, ile inayozungushwa na krankshafti kwa cheni. Kiwandani ilitengenezwa kwa alumini, meno yakavikwa nailoni ili isipige kelele. Nailoni ikizeeka inakatika vipande, vinaanguka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), vinaziba chujio la pampu ya oili, na injini inanoki. Kupima ni rahisi. Toa plagi zote, fungua kifuniko cha distributa, zungusha krankshafti kwa mkono kufuata saa mpaka rota isogee, kisha rudisha taratibu huku ukitazama alama kwenye puli. Krankshafti ikirudi zaidi ya nyuzi 10 kabla rota haijatikisika, cheni imelegea. Funga seti ya gia na cheni ya chuma kitupu, na ushushe sampu uioshe. Kubadilisha cheni bila kushusha sampu ni kuacha meno yale yale humo ndani.

Mgandamizo wa 10.75 kwa 1 ulipangwa kwa petroli ya enzi ile yenye risasi. Kwa petroli ya vituo vya Marekani ya leo, hata ile ya oktani 93, hedi za chuma cha kumimina hugonga mlimani. Kurudisha nyuma taiming ya cheche kunapunguza mlio, ila injini inapata joto na kupoteza nguvu. Dawa ya kudumu ni pistoni zenye bakuli zinazoshusha mgandamizo hadi kama 9.5. Ukimwaga oili, tumia yenye zinki ya kutosha, kwani tapeti bapa bila zinki hula kemshafti.

Breki ni dramu pande zote, na silinda kuu ya 1966 ina njia moja: mpira mmoja ukipasuka, pedali inazama na huna breki gurudumu lolote. Weka silinda ya njia mbili kabla hujafikiria kuongeza nguvu. Kwa hilo hatubembelezi mteja.

Kutu hujificha chini ya kioo cha nyuma, sakafu ya buti na nyuma ya matairi ya nyuma. Pitisha sumaku nyembamba ya friji. Isiponata, kuna puti.

Ukitaka tukukagulie, muombe muuzaji kwanza picha nne: kibati cha mlangoni, herufi za mbele ya bloku, tarehe karibu na distributa, na sakafu ya buti zulia likiwa limetolewa. Akikataa hiyo ya mwisho, okoa nauli yetu na yako.